Ngorongoro: Haki ya Mnyama na Haki ya Mfugaji

Jambo linapozungumzwa bungeni, mahakamani, magazetini na vibarazani kwa miaka mingi lisifike mwisho, mara nyingi huwa ndani yake mna haki mbili zinazogongana. Ndivyo lilivyo suala la Ngorongoro. Mwezi Juni 2022 kundi la kwanza la familia za wafugaji liliondoka katika Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro kwenda kijiji cha Msomera, wilayani Handeni, mkoani Tanga, safari ya takriban kilomita 600. Mwezi huohuo, katika tarafa jirani ya Loliondo, vigingi vya mpaka vilikuwa vikisimikwa kuzunguka kilomita za mraba 1,500 za malisho, na pakazuka vurugu ambazo askari polisi mmoja aliuawa na wananchi kadhaa wakajeruhiwa. Agosti 2024 maelfu ya Wamasai walijitokeza barabarani ndani ya hifadhi kulalamikia huduma walizonyimwa na kufutwa kwa vijiji na kata zao. Desemba mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na wawakilishi wao jijini Arusha, na Februari 2025 akazindua tume mbili: moja ya kuchunguza migogoro ya ardhi ya Ngorongoro, nyingine ya kutazama namna zoezi la watu kuhama kwa hiari lilivyoendeshwa.

Huenda msomaji akauliza, ukurasa wa Ijumaa unatafuta nini katika habari za nyumbu na ng'ombe? Jibu ni kwamba Uislamu ulikuwa na sheria ya hifadhi zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu kabla ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kutangazwa mwaka 1951. Sheria hiyo inaitwa hima, na ndani yake mna maneno ya Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) ambayo, kwa maoni yetu, yanaligusa suala la Ngorongoro kuliko hotuba nyingi tulizozisikia. Tutayafikia. Lakini kwanza yafaa tujue kinachogombewa ni kitu gani, maana wengi wetu tunaoishi Pwani na Visiwani tunaijua Ngorongoro kwa picha ya kalenda tu.

Eneo lote lina ukubwa wa kilomita za mraba 8,292. Kreta yenyewe, lile bakuli lililobaki baada ya mlima wa volkano kubomoka na kuzama, ni sehemu ndogo mno: kama kilomita za mraba 260, kina chake kikikaribia mita 600. Sehemu kubwa iliyobaki ni misitu ya nyanda za juu na mbuga za nyasi fupi zinazoungana na Serengeti bila uzio wowote. Katika mbuga hizo nyumbu wapatao milioni 1.3 hushuka kila mwaka wakati wa mvua, na wengi wa ndama wao huzaliwa ndani ya wiki chache kati ya Januari na Machi. Hawaendi pale kwa bahati. Udongo wa mbuga hizo ni majivu ya volkano, wenye madini ya chokaa na fosfati, na nyasi zake humpa nyumbu anayenyonyesha maziwa ambayo nyasi ndefu za kaskazini haziwezi kumpa. Nyumbu akizuiwa kufika pale, Serengeti nzima hutetereka, pamoja na simba, fisi na mbwa mwitu wanaomfuata.

Misitu ya juu nayo hunyonya ukungu na mvua na kuyaachia maji polepole kwa wakulima wa Karatu na kwa maziwa ya Manyara na Eyasi. Kisha kuna bonde la Olduvai, ambako fuvu la Zinjanthropus lilipatikana mwaka 1959, na Laetoli, ambako mwaka 1978 zilifukuliwa nyayo zilizokanyagwa katika majivu mabichi miaka milioni 3.6 iliyopita. Shirika la UNESCO liliingiza Ngorongoro katika Urithi wa Dunia mwaka 1979. Kwa hiyo anayesema kwamba hayo ni mapori tu, tugawane mashamba, hajui anachokigawa. Na Muislamu ana sababu ya ziada ya kutosema hivyo, kwa kuwa Suratul An'aam, aya ya 38, inatufahamisha kwamba wanyama watembeao ardhini na ndege warukao ni umma mfano wetu. Umma haufutwi kwa sababu jirani yake anataka kupanua boma.

Sasa tuje upande wa pili. Wamasai hawakuvamia Ngorongoro. Mwaka 1958 wazee kumi na wawili wa Kimasai walitia saini makubaliano ya kuiachia Serengeti, na mwaka uliofuata utawala wa Kiingereza ukaanzisha Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, likiwa na ahadi kwamba humo mfugaji, mifugo na wanyamapori wataishi pamoja. Ngorongoro ndiyo iliyokuwa fidia ya Serengeti. Jambo hili husahaulika sana mezani pa watunga sera, lakini katika maboma halisahauliki, kwa sababu babu humsimulia mjukuu. Mtu akishahamishwa mara moja kwa ahadi, akaambiwa tena kwamba mahali pa ahadi nako hapamfai, ana haki ya kuuliza ahadi ya tatu itadumu miaka mingapi.

Wala si kweli kwamba ng'ombe na nyumbu ni maadui wa asili. Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki, ukateketeza ng'ombe karibu wote wa Umasaini, na watu wengi wakafa njaa. Sotoka haikuua ng'ombe peke yao. Iliwaua nyati na nyumbu pia, ikaendelea kuwapunguza kwa miongo kadhaa. Ng'ombe walipochanjwa kwa wingi katikati ya karne iliyopita ugonjwa ukakatika hata porini, na nyumbu wa Serengeti, waliokuwa kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakapita milioni moja kabla ya muongo wa 1970 kwisha. Chanjo ya mfugaji ndiyo iliyojaza mbuga. Mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba sotoka imetoweka kabisa.

Mfano mwingine ni wa Kreta. Mwaka 1974 wafugaji walioishi ndani yake walitolewa, na desturi yao ya kuchoma nyasi kavu kwa zamu ikakoma pamoja nao. Nyasi zikarefuka, kupe wakaongezeka. Katika ukame wa mwaka 2000 na miezi iliyofuata, nyati, nyumbu, na hata faru walikufa, na magonjwa yaenezwayo na kupe yakahusishwa na vifo hivyo. Ndipo wahifadhi wakaanza wenyewe kuchoma nyasi kwa mpango. Na mfugaji wa Kimasai, tangu zamani, msimu wa nyumbu kuzaa huondoa ng'ombe wake mbugani na kuwapandisha nyanda za juu, kwa kuwa ndama wa nyumbu hubeba maradhi yanayoua ng'ombe. Kwa lugha ya leo, hiyo ni ratiba ya matumizi ya ardhi. Tofauti ni kwamba haikuandikwa na mtaalamu mshauri.

Hata hivyo tusimpake Serikali matope bure. Mwaka 1959 wakazi wa eneo hilo walikuwa takriban 8,000. Hesabu ya mwaka 2017 iliwakuta zaidi ya 90,000. Nyasi hazikuongezeka mara kumi. Ng'ombe kwa kila mtu wamepungua, na familia ambayo zamani iliishi kwa maziwa sasa inahitaji mahindi, ilhali kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa tena mwaka 1992, kisha kikakatazwa kwa mara nyingine. Mtu huyo hawezi kulima wala kujenga nyumba ya kudumu, na mtoto wake akipita njiani kwenda shule anapishana na nyati. Kusema aachwe kama alivyo ni kumhukumu aishi katika makumbusho. Wapo waliokubali Msomera kwa moyo mweupe, wakapata nyumba na shamba, nao hatuna sababu ya kuwakadhibisha.

Basi, hima ni nini? Katika zama za ujahili mkubwa wa kabila alipopata malisho mazuri, alipanda na mbwa wake kilimani, akambwekesha, na kila mahali sauti ilipofika pakawa pake yeye peke yake. Mifugo yake ililisha humo bila mshirika, kisha ikaenda pia kulisha kwenye malisho ya wenzake. Imam Shafi'i ameieleza desturi hiyo. Mtume Muhammad (S.A.W.) aliifuta, na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari kutoka kwa Sa'b bin Jaththama akaweka wazi kwamba hakuna hima ila ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Wanazuoni wamelifafanua hilo kwamba ardhi haizuiliwi kwa starehe ya mkubwa. Huzuiliwa kwa maslahi ya umma tu. Kisha yeye mwenyewe (S.A.W.) akaweka hima ya Naqi' kwa ajili ya farasi wa Waislamu, na akaufanya mji wa Madina kuwa haram, miti yake isikatwe na mawindo yake yasifukuzwe.

Sayyidna Umar alipopata ukhalifa aliweka hima ya Rabadha, mashariki ya Madina, kwa ajili ya ngamia wa dola. Akamsimamisha mlinzi, mtu aliyeitwa Hunayy, ambaye alikuwa mtumwa wake aliyemwacha huru. Maagizo aliyompa yamo katika Sahihi Bukhari, na kila mhifadhi wa nchi hii, Muislamu na asiye Muislamu, angefaa kuyasikia siku ya kwanza ya kazi.

Alimwambia awe mpole kwa watu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa, kwani dua hiyo hupokewa. Akamwagiza amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache. Kisha akamtahadharisha na mifugo ya watu wawili, akawataja kwa majina: Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan. Hawa ni maswahaba waliobashiriwa Pepo, na ni matajiri wakubwa. Umar hakuwatuhumu kwa ubaya wowote. Hoja yake ilikuwa ya uchumi mtupu: mifugo yao ikifa, hao watarudi kwenye mitende na mashamba yao, lakini mwenye kondoo wachache wakifa kondoo wake, atakuja mlangoni kwa Amirul Muuminina na watoto wake akilia, na hatoweza kumwacha. Kumpa maji na nyasi leo, alisema, ni rahisi kwangu kuliko kumpa dhahabu na fedha kesho. Akamalizia kwa kiapo kwamba watu wale wanamwona kuwa amewadhulumu, kwa kuwa ardhi ile ni yao, waliipigania zama za ujahili na wakasilimu wakiwa juu yake, na kwamba lau si wale wanyama anaowatumia katika njia ya Mwenyezi Mungu, asingezuia katika nchi yao hata shubiri moja.

Tutazame khalifa alivyosimama. Hakufuta hifadhi. Aliona umma unaihitaji, akaiweka. Lakini hakusema kwamba wenyeji ni wavamizi. Alikiri kwa mdomo wake kuwa ardhi ni yao na kwamba wana sababu ya kunung'unika. Na mlango alipoufungua, aliufungua kwa kuanzia chini.

Swali la Ngorongoro na Loliondo, kwa kipimo hicho, ni hili: mlinzi wetu anamtahadhari nani? Kwenye ukingo wa Kreta kuna hoteli za kitalii zinazotumia maji, kuni na barabara. Loliondo, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu imekuwa na kitalu katika ardhi ileile ambamo wafugaji wamezuiwa. Wenye kitalu ni ndugu zetu katika imani, na wapo miongoni mwetu wanaoona haya kulitaja jambo hilo. Hatuoni kwa nini. Ibn Auf na Ibn Affan walikuwa ndugu wa Umar katika imani kuliko yeyote aliye hai leo, na aliwataja. Kwa upande mwingine, imewahi kuelezwa kuwa baadhi ya makundi makubwa ya ng'ombe ndani ya hifadhi ni mali ya watu wenye uwezo wanaoishi mbali, huku walio bomani wakiwa wachungaji tu. Kama ni kweli, hao nao ni wa kuzuiliwa kabla ya mjane mwenye mbuzi kumi, na hesabu ya mifugo inayotenganisha mwenye mali na mchungaji ingelibainisha hilo kwa msimu mmoja.

Wako wanaharakati wanaotaka hifadhi zote zivunjwe warudishiwe wananchi. Hao nao wasome yaliyopita Arabuni. Hima za makabila zilidumu Hijazi na Asir kwa karne nyingi, kila moja ikiwa na kanuni zake za msimu wa kulisha na wa kupumzisha. Mwaka 1953 amri ya kifalme ilifungua malisho kwa wote. Malori ya maji yakaweza kuwafikisha kondoo kokote, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo ikachakaa. Nasi tuna la kwetu: sensa za tembo nchini zilionyesha takriban 109,000 mwaka 2009, na mwaka 2014 waliosalia walikuwa takriban 43,000. Katika miaka mitano tu majangili na wanunuzi wa meno ya tembo walifanya kazi hiyo, baadhi yao wakisaidiwa na watu waliolipwa mshahara wa kuwalinda wanyama hao. Pori lisilo na mlinzi halibaki kwa maskini. Hupewa mwenye bunduki na mwenye lori.

Linabaki neno hiari, na hapa tuna shaka kubwa. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya Julai 2024, lilieleza kwamba huduma za afya na elimu ndani ya Ngorongoro zilipunguzwa wakati ambapo watu walikuwa wakihimizwa kuhama, na kwamba baadhi ya wenyeji wa Msomera walikuta ardhi yao imegawiwa wageni. Serikali imekanusha kwamba kuna mtu aliyelazimishwa. Lakini hiari ya mtu ambaye zahanati yake imeondolewa dawa ni hiari ya namna gani? Imepokewa kwamba Sayyidna Umar alipotaka kuupanua msikiti wa Mtume aliihitaji nyumba ya Abbas, ami yake Mtume (S.A.W.). Abbas akakataa. Wakaenda kwa Ubayy bin Ka'b awahukumu, naye akahukumu kwamba khalifa hana haki ya kumtoa mtu nyumbani kwake bila ridhaa yake, hata kwa ajili ya msikiti. Baada ya kushinda kesi, Abbas akaitoa nyumba bure kwa ajili ya Waislamu. Hiari ilikuja baada ya haki ya kukataa kuthibitika. Agosti 2024 Mahakama Kuu Arusha ilisimamisha kwa muda tangazo la kufuta vijiji vya Ngorongoro, na tunaona hatua hiyo ilisaidia amani zaidi kuliko doria nyingi, maana iliwaonyesha watu kwamba upo mlango wa kubisha.

Kuhusu fedha tutasema machache. Watalii wa kimataifa waliofika nchini mwaka 2024 walizidi milioni mbili, na utalii ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya fedha za kigeni. Hiyo ni neema. Ila anayeitetea hifadhi kwa dola tu amejenga juu ya mchanga: mwaka 2019 waliingia watalii milioni 1.5, na mwaka 2020, corona ilipozuka, hawakufika hata 650,000. Msitu wa Ngorongoro haukuacha kuteremsha maji Karatu mwaka ule kwa kuwa wageni hawakuja.

Kwetu Visiwani kuna mfano mdogo unaostahili kutazamwa. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, ambacho wazee husimulia kwamba Nabii Khidhri alikifanya msala wake, kilikuwa karibu kukodishwa kwa hoteli katika miaka ya 1990. Wavuvi wakapinga. Mwaka 1998 kikatangazwa kuwa eneo la hifadhi, wavuvi zaidi ya elfu moja wanaokitegemea wakabaki na bahari yao, isipokuwa sehemu ndogo iliyofungwa ili samaki wazaliane. Maimamu na walimu wa madrasa walifundishwa kuzungumza habari ya matumbawe kwa lugha ya Kurani. Si kwamba uharibifu ulikoma wote. Hakuna kisiwa ambacho wavuvi wote ni malaika. Lakini mvuvi aliyeshirikishwa kuuchora mpaka huujua ulipo, na akiuvuka huvuka akijua.

Ukubwa wa Misali hauwezi kulinganishwa na Ngorongoro, na nyumbu hawangojei vikao. Lakini utaratibu unaweza kuigwa. Idadi ya mifugo na watu ambayo nyasi zinaweza kuibeba ipimwe na wataalamu wakiwa pamoja na wazee wa maboma, kisha ijadiliwe hadharani. Anayetaka kuhama ahame akiwa ameandikiwa ardhi isiyo na mwenyewe. Anayetaka kubaki awe na zahanati, shule na sanduku la kura kama Mtanzania mwingine, na akubali kikomo cha mifugo ambacho hoteli na wenye vitalu nao wamewekewa cha kwao. Na kwa kuwa tume zile mbili ziliundwa kwa jina la wananchi, mwenye boma Endulen na mwenye nyumba mpya Msomera wote wanastahili kuzisoma ripoti zake neno kwa neno, kwa Kiswahili na kwa Kimaa, pamoja na kurasa ambazo hazitampendeza mtu wa upande wowote.